Bi. Rogathe Mgonja na Mpaka Uliofungwa na Kompyuta

Jumatano, tarehe 30 Juni 1999, Bi. Rogathe Mgonja alikabidhi funguo za chumba cha michoro katika Kituo cha Ramani cha Mradi wa Ardhi na Mifereji, Same, na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Aliingia akiwa mnakili ramani wa miaka ishirini na miwili. Ametoka akiwa Mchoraji Mwandamizi wa kituo ambacho kimebadilishiwa jina mara tatu bila yeye kubadilishiwa meza.

Mhariri wa jarida hili alimwomba mwandishi, aliyekaa chumba kimoja na Bi. Rogathe kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuhamishiwa Mpanda, aandike kurasa chache za kusomwa kwenye hafla ya Jumapili. Katika jalada la Bi. Rogathe mna barua moja ya onyo, ya Septemba 1994. Wasifu unaosomwa mbele ya wageni kwa kawaida huruka karatasi za namna hiyo. Huu hautairuka, kwa sababu ni barua hiyo iliyomzuia kupandishwa cheo hadi leo anapoondoka, na yaliyoandikwa humo hayajakamilika.

Alizaliwa Vudee mwaka 1944, katika nyumba ya wakulima wa kahawa na tangawizi. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa marehemu Bw. Aminieli, aliyekuwa na desturi ya kumpa kila mwajiriwa mpya kitongoji chake mwenyewe akichore, apate kuona kama mkono wake utaupendelea ukoo wake. Binti Rogathe, kwa kuogopa kushukiwa, alilichora shamba la baba yake likawa dogo kuliko lilivyo. Bw. Aminieli alipima kwa rula, akamrudishia karatasi. "Binti," akamwambia, "umemwibia mzee wako ili nikuone mwaminifu. Nenda kalichore kama lilivyo." Hadithi hii aliisimulia mwenyewe kila alipopata mwanafunzi, na hakuipunguza aibu yake hata kidogo.

Wote waliofanya kazi naye wanajua kwamba Jumamosi hakupatikana. Ni Msabato, na Sabato ilikuwa Sabato hata mkuu wa mkoa angekuja. Badala yake alifidia Jumapili, akiwa peke yake ofisini na chupa ya chai ya tangawizi. Enzi zile Jumamosi ilikuwa nusu siku ya kazi, na wenzake walimtania kwamba amejitafutia siku ambayo hakuna bosi. Alijibu kwamba ndiyo siku pekee ambayo rula hazipotei.

Vijana wa leo hawaijui miaka ya 1981 hadi 1984, na ni heri yao. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa kibali, na wino wa rangi haukuwapo kabisa. Kituo kilidaiwa ramani ya ndiva, yaani mabwawa ya asili ambayo Wapare wamekusanyia maji ya mifereji tangu enzi za mababu, na maji kwenye ramani sharti yaonekane. Bi. Rogathe alikwenda gulioni, akanunua rangi ya kutilia ukindu wa mikeka. Buluu haikuwapo. Ilikuwapo zambarau. Ndiva zote za milima ya Upare zikawa zambarau, na kwa kweli zilipendeza. Kisha mhandisi aliyeipeleka ramani ile mlimani akanyeshewa njiani, akafika mkutanoni viganja vikiwa vya zambarau, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu alisalimiana na kila mzee kwa mkono. Athumani, mshika mnyororo wetu wa kupimia, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, alirudi na taarifa kwamba kijiji kizima kimetia sahihi bila kujua kimekubali nini.

Baada ya hapo Bi. Rogathe aliacha rangi, akajaza maeneo kwa penseli: mistari ya mshazari, sambamba, nafasi ya milimita mbili, kila mmoja ukianza kwenye mpaka na kuishia kwenye mpaka. Mashamba ya mpunga mistari ililala huku, ya mahindi ililala kule. Kazi hiyo inachosha jicho. Inamlazimu mchoraji kugusa kila hatua ya mpaka, kwa kuwa hakuna mstari unaoweza kusimama bila yeye kuamua usimame wapi.

Enzi za ruksa zikaingia. Mitumba ikajaa sokoni, maduka yakapata dawa ya meno, na mwaka 1992 wafadhili wakatuletea kompyuta moja, printa yenye utepe wa rangi, na mtaalamu kijana wa kukaa nasi wiki sita. Alipoondoka alituachia disketi tatu na kitabu cha kurasa mia nne cha Kiingereza. Ndani ya disketi mlikuwa na kile alichokiita maktaba ya michoro: mkusanyiko wa amri zilizoandikwa tayari, za kuchora mstari, duara, na kujaza rangi ndani ya umbo la pembe nyingi. Mtu anaandika programu yake, anaziita amri hizo kwa majina, nazo zinafanya kazi. Wenye shahada waliisifu sana mashine ile na kuikwepa. Bi. Rogathe, aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na minane na cheti cha uchoraji, alikichukua kitabu, akafungua kamusi, akaanza ukurasa wa kwanza Jumapili iliyofuata.

Ilimchukua miezi mitano. Jambo lililomfungulia mlango, kama alivyosema mwenyewe, ni kugundua kwamba kompyuta haioni umbo. Inapita mstari kwa mstari, kama penseli yake, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila inapokata mpaka inahesabu. Wageni aliwafafanulia hivi: chukua shamba la mlimani lililozungushiwa masale, yale majani tunayopanda kuwa mpaka. Tembea moja kwa moja ukitokea nje. Ukivuka masale mara moja, umeingia kwa mwenyewe, paka rangi. Ukivuka mara ya pili, umetoka, acha. Na kama katikati ya shamba kuna msitu wa tambiko, nao umezungushiwa masale yake, utavuka tena, na mashine itauruka bila kuupaka, bila mtu kuiambia kwamba pale hapaingiliwi. Mzee mmoja wa Ugweno aliyeonyeshwa jambo hilo kwenye skrini alitikisa kichwa na kusema kwamba mashine ina adabu kuliko baadhi ya wajukuu zake.

Maktaba ile ilikuwa na njia mbili za kujaza. Ya kwanza ni ya kumwaga: unachagua nukta moja ndani ya eneo, rangi inasambaa pande zote hadi ikutane na mpaka. Jaribio lake la kwanza lilikuwa shamba la mkonge la Mbulashi, kule tambarare. Mpaka aliouchora ulikuwa na tundu la nukta moja, dogo kuliko mbegu ya ulezi. Rangi ya kijani ikapenya hapo, ikajaza uwanda, ikavuka reli, ikapanda milima na kufunika wilaya nzima mpaka ukingo wa skrini. Athumani alikuwa mlangoni. "Mama Kaleb," akamwambia Bi. Rogathe, "mkonge umefika Shengena. Niwaambie wazee wa Chome wahame, au wasubiri barua?"

Kwa sababu ya kuvuja huko aliichagua njia ya pili. Unaipa mashine orodha ya pembe kwa utaratibu, ya kwanza hadi ya mwisho, nayo inaziunganisha, inafunga umbo yenyewe na kulijaza. Kama pembe ya mwisho haikurudi kwenye ya kwanza, haileti shida yoyote. Inapiga mstari ulionyooka kutoka hapo ilipo hadi ilikoanzia. Rangi haivuji. Ramani zikawa safi kiasi kwamba wageni walidhani zimechapwa Ulaya, na kazi ya wiki tatu ikawa ya siku mbili.

Sasa mwaka 1994. Shamba la Mbulashi, lililotaifishwa zamani na kufifia polepole, lilikuwa linauzwa kwa kampuni binafsi. Ramani yetu ingeambatishwa kwenye mkataba, na chochote kitakachokuwa cha kijani kingekuwa cha mnunuzi. Kando ya shamba waliishi vibarua wa zamani waliotoka kila pembe ya nchi, na upande wa magharibi familia za wafugaji. Kati ya bikoni, yaani jiwe la mpaka, ya arobaini na moja na ya arobaini na mbili pana hori kubwa, kama ghuba ya ardhi iliyoingia ndani ya shamba, lenye malambo mawili na njia ya ng'ombe. Kwa makubaliano ya tangu zamani hakuna aliyepanda bikoni hapo. Ni desturi ya wapimaji wa kwetu: njia ya mifugo haifungwi kwa jiwe, kwa hiyo mpimaji akifika hapo huacha namba na kuandika maneno. Kitabu cha uwandani kilisema: "Hapa mpaka unaachwa wazi. Njia ya mifugo na malambo mawili, kama ilivyokubaliwa." Kisha kikaeleza hori linavyozunguka, kwa hatua na kwa majina ya miti.

Bi. Rogathe aliingiza namba. Maneno hayakuwa na mahali pa kuingia. Na kwa kuwa aliianza orodha yake kwenye bikoni ya arobaini na mbili, akazunguka shamba lote na kumalizia kwenye ya arobaini na moja, mashine ilipiga mstari wake ulionyooka kukata mdomo wa hori, ikajaza. Hekta mia mbili na kumi na sita zikawa kijani. Ramani ikapigwa chapa na kwenda Moshi.

Ulikuwa mkutano wa Jumatatu, pale kambini Mbulashi, mnunuzi akiwapo, nakala ya ramani ikiwa imebandikwa kwenye ukuta wa ghala. Mkataba ulikuwa wa kutiwa sahihi Ijumaa. Mzee Sironka, kiongozi wa wafugaji, hakusoma shule, lakini alisimama mbele ya karatasi kwa muda mrefu huku kidole chake kikitembea juu yake. Vibarua nyuma walianza kunong'ona kwamba mzee anatafuta ng'ombe wake aliyepotea.

"Hii ni reli," akasema. "Huu ni mto. Hapa ni kwako, mwenye mkonge. Sasa mama, mimi ninanywea wapi?"

Bi. Rogathe alianza kumwonyesha, na kidole chake hakikupata pa kutua.

"Ametupaka mkonge mpaka ndani ya kibuyu," akasema Nairesiae, mke wa mdogo wake Sironka, na watu wakacheka, wafugaji na vibarua pamoja. Bi. Rogathe hakucheka. Aliibandua ramani ukutani mbele ya wote, akawaambia kwamba ramani hiyo ina kosa, kwamba malambo ni yao kama yalivyokuwa, na kwamba atairudisha ikiwa imesahihishwa. Sironka akamuuliza, kwa upole, kama waliokuwa Moshi nao watabandua ya kwao.

Hilo ndilo lililokuwa swali, na lilikuwa na siku nne. Lakini lilikuwapo na jingine. Mwaka ule ulikuwa wa kupunguza wafanyakazi. Orodha ya kituo chetu ilikuwa inaandaliwa mwezi huohuo, watumishi kumi na wanane wabaki tisa, na agizo lilikuwa wazi kwamba wenye makosa ya kikazi waanze kuondoka. Angeweza kupeleka ramani mpya kimya kimya na kusema wapimaji wamerekebisha namba. Wapimaji wenyewe walimpa ruhusa hiyo. Athumani alikuwapo, na alisema kwamba kitabu cha uwandani kimewahi kumwagikiwa chai na hakitashangaa kumwagikiwa tena.

Bi. Rogathe aliandika barua ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba eneo la hekta 216 limejazwa kwa kosa la mchoraji, aliyeacha kusoma maelezo na kuiachia mashine ifunge mpaka. Jumanne na Jumatano umeme ulikuwa wa mgao na Same ilikuwa gizani, kwa hiyo ramani sahihi haikutoka kwenye printa. Aliichora kwa mkono, karibu na dirisha, akaijaza kwa mistari ya penseli ya kijani kama zamani, na alipofika bikoni ya arobaini na moja mkono wake ulisimama wenyewe. Alhamisi alfajiri Athumani alimpeleka Moshi kwa Landrova. Mkataba uliahirishwa kwa wiki mbili, na ulipotiwa sahihi hori lilikuwa jeupe. Ng'ombe wa Mbulashi wanakunywa pale mpaka leo.

Umeme uliporudi alifungua programu yake, akaongeza mistari sita. Tangu hapo, kabla ya kuita amri ya kujaza, programu inalinganisha pembe ya mwisho na ya kwanza, na zisipokutana inakataa kuendelea. Kwenye skrini linatokea swali: "Mpaka haujafungwa. Nani anapita hapa?" Mchoraji hawezi kuendelea mpaka aandike jibu. Watumishi wa wilaya nyingine waliokuja kunakili programu hiyo walishauri swali liondolewe kwa sababu linachelewesha kazi. Aliwapa disketi na swali likiwa ndani. Ramani mia tatu na kumi na moja zimepitia programu ile hadi alipostaafu, na majibu yaliyohifadhiwa humo, ya wachota maji, wapeleka mifugo, waumini wanaokwenda kanisani na watoto wanaokwenda shule, yanasomeka kuliko taarifa nyingi za mwaka ambazo mwandishi amezisoma.

Sasa barua ya onyo. Kamati ya watu watatu ilikaa tarehe 12 Septemba. Mwenyekiti aliuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa: nani aliikagua ramani ya kwanza? Kila ramani ilipaswa kuwa na karatasi ya ukaguzi, iliyobanwa ndani ya kitabu cha uwandani na kutiwa sahihi na mkaguzi aliyelinganisha kitabu na ramani ukurasa kwa ukurasa. Katika kitabu kile karatasi haikuonekana.

"Haikukaguliwa," alisema Bi. Rogathe. "Niliituma kwa haraka."

Kamati iliandika hivyo. Alipewa onyo, akanyimwa cheo, na hakuondolewa kazini kwa sababu moja tu, kwamba hapakuwa na mwingine wa kuiendesha kompyuta.

Ramani ile ilikaguliwa. Mkaguzi alikuwa mimi. Niliipokea ikiwa safi, kijani yake ikiwa imetulia kila pembe, nikaona haina haja ya kusumbuliwa. Nilitia sahihi bila kukifungua kitabu cha uwandani. Ningesoma ukurasa wa kumi na tisa, ningeyakuta maneno yale, maana mimi ni mtu wa kusoma na nilijivunia hivyo. Yeye kosa lake lilikuwa la mtu anayejifunza chombo kipya. La kwangu lilikuwa la mtu aliyelipwa kutazama na hakutazama. Siku ya kamati nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake, kalamu mkononi, na sikusema neno.

Kesho yake asubuhi aliniwekea bahasha mezani. "Kaka Msangi," akasema, "hii ilikuwa inadondoka kitabuni. Ipeleke nyumbani." Nikamuuliza kwa nini amefanya hivyo. "Mimi wakiniondoa, narudi Vudee, shamba lipo na mume yupo," akasema. "Wewe ardhi yako ya Ugweno umeshauza, na una sita shuleni. Utawapeleka wapi?" Kisha akaomba rula yake, ambayo kwa kweli nilikuwa nayo mimi.

Orodha ya wanaoondolewa ilipotoka sikuwamo. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Mpanda, ambako nilistaafu na ambako bado naishi. Wanangu sita wote wamemaliza shule, na wa mwisho, Doris, anafundisha hesabu. Bi. Rogathe hakuwahi kulitaja jambo hili katika barua zake, na ameandika kila mwaka. Ananieleza mvua, bei ya tangawizi, na nani amezikwa.

Karatasi ya ukaguzi ya tarehe 3 Agosti 1994, yenye sahihi yangu, nimeituma kwa Mkuu wa Kituo kwa rejista ya posta, pamoja na barua ya kuomba ikaambatishwe kwenye jalada la Bi. Rogathe Mgonja, juu ya ile ya onyo, na lile onyo lisahihishwe kwa kuwekewa jina la pili. Sikumwomba ruhusa kwa sababu najua angekataa. Mhariri nimemwomba asipunguze sehemu hii, na msomaji wa Jumapili namwomba aisome kwa sauti, mpaka viti vya nyuma.

Bi. Rogathe anapanda Vudee wiki ijayo, kwa mumewe Mzee Novatus na wajukuu watano. Kituo kinamshukuru kwa miaka thelathini na mitatu, na familia moja ya Mpanda inamshukuru kwa asubuhi moja. Mama Kaleb, pumzika vyema, kahawa ikuzalie, maji ya mfereji yakufikie kwa zamu yako, na Sabato zako ziwe ndefu.

Nicolaus Msangi
Mpanda, 1 Julai 1999